Chipu ya mbwa na paka: namna ya kuiweka, na namna ya kuifanya ikusaidie siku akipotea

Mkesha wa mwaka mpya, saa sita usiku fataki zilipoanza kulia mtaani kwetu huku Mbezi, Dar es Salaam, mbwa wangu Bosco alipanda juu ya tangi la maji akaruka ukuta akaishia gizani. Tulimtafuta na tochi za simu mpaka alfajiri, kesho yake tukazunguka na bodaboda, tukabandika picha madukani, tukatangaza kwenye kila grupu la WhatsApp tunalolijua, wapi. Na Bosco alikuwa na chipu jamani. Nilimwekea akiwa na miezi minne, nikalipa, nikapewa kadi yenye stika, kadi nikaitupia kwenye droo nikajua hapo nimemaliza.

Alipatikana siku ya tisa. Mama mmoja wa Goba anayeuza chapati alimkuta amejikunyata nyuma ya banda lake, akamlisha, halafu akamkodia bajaji kwa hela yake mwenyewe akampeleka kliniki ya wanyama, yule mama mpaka leo namwombea. Dokta akampitishia mashine ya kusomea chipu, namba ikatoka palepale, akaiingiza mtandaoni jina langu likaja na simu yangu, ila simu yenyewe ni laini niliyoiacha kama miaka miwili nyuma. Akapiga haipatikani, jioni akapiga tena haipatikani. Kilichotuokoa ni kwamba yule dokta hakuchoka, alirusha zile namba kwenye grupu la madokta wenzake, na dokta aliyemwekea Bosco chipu akafungua daftari lake la mkono akakuta stika imebandikwa pale na pembeni yake namba ya dada yangu, kwa sababu siku ile dada ndo tulimpeleka naye. Dada akapigiwa, dada akanipigia mimi, nikalia kwenye daladala mbele za watu.

Kwa hiyo mtu akisoma hapa naomba aondoke na hili moja, kuchoma chipu ni kazi ya dakika tano na dokta anaimaliza, ila kinachomrudisha mnyama nyumbani ni namba ya simu iliyosajiliwa pamoja na namba ya ile chipu, na hiyo ni kazi yako wewe, na haiishi.

Chipu yenyewe ni nini

Ni kidude kama punje ya mchele, urefu milimita 12 hivi na unene milimita 2, zipo na ndogo zaidi za milimita 8 ambazo wengi wanazipenda kwa paka na wanyama wadogo. Kwa nje ni kioo maalum ambacho mwili haukikatai, ndani kuna waya mwembamba uliozungushwa na kisaketi chenye namba. Hakuna betri. Imelala tu chini ya ngozi, mashine ya kusomea ikipita karibu inaipa nguvu kidogo kwa mawimbi ya redio nayo inajibu kwa kutaja namba yake, mashine ikiondoka inalala tena. Ndo maana inaweza kukaa umri wote wa mnyama bila kuguswa.

Sasa kuna vitu viwili watu wengi wanaviamini na si kweli. Cha kwanza ni GPS. Chipu haikuonyeshi mbwa yuko wapi, hata kidogo, mashine lazima iwe sentimita chache kutoka kwenye ngozi ndo isome, sasa hebu fikiria satelaiti. Ukitaka kumfuatilia kwenye ramani hiyo ni GPS ya kuvalishwa kwenye mkanda wa shingoni, inachajiwa, inakula bando, na mwizi anaivua kwa sekunde mbili. Cha pili ni kwamba unaweza kuisoma kwa simu yako. Huwezi, simu zetu zile zenye NFC, yaani mawasiliano ya kugusanisha simu na kitu kilicho karibu, zinatumia megahezi 13.56 na chipu za wanyama ni kilohezi 134.2, hazisikilizani kabisa, lazima mashine yake.

Na ndani ya chipu hamna jina lako wala anwani wala habari za chanjo. Kuna namba tu, tarakimu 15 basi. Mi huwa naielezea hivi, ni kama laini ya simu ambayo haijasajiliwa kwa kitambulisho, laini ipo, namba ipo, lakini ukiiokota barabarani huwezi kujua ya nani.

Zile tarakimu tatu za mwanzo zina maana yake. Inaweza kuwa kodi ya nchi, yaani namba ya kuitambulisha nchi, Tanzania ni 834, Kenya 404, Uganda 800, au ikawa kodi ya kiwanda kilichotengeneza, hizo ni kuanzia 900 hadi 998. Usishangae basi ukikuta ya kwako inaanza na 9 badala ya 834, haimaanishi ni feki. Ila ukiona 999 ikatae, hiyo imetengwa kwa majaribio na haitakiwi kuwa ndani ya mbwa wa mtu.

Kabla hujampeleka

Pigia kliniki simu kwanza, usiende tu. Uliza kama chipu zao ni za viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785, yaani zile za tarakimu 15 zinazosomeka na mashine karibu zote duniani. Nasema hivi kwa sababu zipo za zamani, hasa zilizotumika Marekani, zenye tarakimu 9 au 10 na mawimbi tofauti, na mashine ya ISO tupu inazipita kama hamna kitu. Uliza pia kama wana mashine ya kusomea hapohapo kliniki na inafanya kazi, maana kuwekewa chipu mahali ambapo hawawezi kuisoma ni sawa na kununua kitu gizani. Halafu swali la tatu ndo usikilize jibu lake vizuri: "hii namba inasajiliwa wapi, na anayesajili ni nani, mimi au nyie?" Wakikujibu tunaiandika kwenye daftari letu, ni vizuri na kama mlivyoona kwangu daftari ndo lililomwokoa Bosco, lakini daftari moja kwenye kliniki moja halitoshi, kliniki inaweza kuhama, dokta anaweza kufunga, na mbwa wako anaweza kuokotwa Bagamoyo.

Hakikisha anayemchoma ni dokta wa mifugo aliyesajiliwa au mtu anayefanya chini yake. Kwetu wanasajiliwa na Baraza la Veterinari, Kenya ni Kenya Veterinary Board, na dokta wa kweli hachukii ukimwuliza namba yake ya usajili. Tafadhali usiagize chipu mtandaoni ukamchoma mwenyewe nyumbani au ukamwita kijana anayekata masikio ya mbwa mtaani. Sindano yake ni nene kuliko ya chanjo, ukiikosea inaingia kwenye msuli au inatokea upande wa pili wa ngozi chipu ikaanguka chini hujui, na paka mdogo mwili wake hauvumilii makosa. Halafu zile za bei ya kutupa huna uhakika kama namba yake ni moja tu duniani. Viwanda vinavyofuata utaratibu vimesajiliwa na ICAR, hilo ndilo shirika la kimataifa linalogawa zile kodi za viwanda, ndo maana namba hazigongani.

Umri si shida sana, mbwa na paka wanaweza kuwekewa kuanzia wiki nane hivi, na wakubwa wowote. Ukiwa na mpango wa kumhasi au kumfunga kizazi basi unganisha siku hiyohiyo, anakuwa amelala kwa dawa hasikii chochote. Lakini sio lazima alazwe, kwa mnyama mwenye afya chipu peke yake haihitaji nusukaputi.

Na hapa niseme kitu kinachoniuma. Kama hela yako inatosha kitu kimoja tu, chanja kichaa cha mbwa kwanza. Chipu itasubiri. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu hakuna kurudi, na Shirika la Afya Duniani linasema angalau asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa eneo fulani ugonjwa unakatika kwa mbwa na kwa watu, sasa mbwa wa kijijini kwa babu ambaye hata mkanda hajawahi kuvaa, mpeleke siku ile timu ya chanjo ya wilaya inapokuja shuleni, chipu tutaongea mwakani.

Siku yenyewe

Mbwa mvalishe mkanda na kamba imara, kama ana tabia ya kung'ata mfunge mdomo kwa bendeji au kipande cha kitenge ila acha pua ipumue, na mwambie dokta ukweli, usione aibu. Paka mweke kwenye boksi lake au tenga lenye mfuniko limefungwa vizuri, sio kwenye kiroba, humo anakosa hewa na akifika kliniki ameshapagawa, hakuna atakayemshika.

Dokta anayejua kazi anaanza kwa kumpitishia mashine kabla ya kitu chochote, hata ukimwambia hana chipu. Hapo ndo inaweza kujulikana kwamba yule mbwa uliyeuziwa barabarani kwa bei ya kushangaza ana mwenyewe anayemtafuta. Akiwa hana, anasoma chipu mpya ikiwa bado kwenye paketi yake ili ajue kwamba inafanya kazi na namba inafanana na ile ya kwenye stika. Simama uangalie hapo, soma na wewe, tarakimu moja moja. Nimeona kadi iliyoandikwa kwa mkono 3 ikasomeka 8, na tarakimu moja ikikosewa ni sawa na hakuna chipu.

Kisha anainua ngozi katikati ya mabega, anaingiza sindano kwa mshazari, anabonyeza, anatoa. Basi. Mbwa wengi wanashtuka kidogo na kuendelea kunusa meza, wengine wanalia mara moja, Bosco hakufanya kitu kwa sababu dada alikuwa anampa vipande vya maini. Baadhi ya nchi za Ulaya wanaweka upande wa kushoto wa shingo, ndo maana mnyama aliyetoka huko anaskaniwa na huko pia. Kinachotakiwa kufuata mara moja ni kuskani tena chipu ikiwa ndani ya mwili, na hii ukiona dokta anairuka mwombe kwa heshima, "dokta naomba tuisome mara ya mwisho." Usitoke bila kuona namba kwenye kioo cha mashine.

Unapewa stika kadhaa zenye namba na mistari. Moja ibandikwe kwenye kadi ya chanjo, moja kwenye daftari la kliniki, moja kwenye karatasi yako ya nyumbani, halafu piga picha ujitumie mwenyewe kwenye baruapepe. Hiyo ya kwenye kadi ya chanjo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kadi iliyoandikwa "mbwa, dume, kahawia" inaweza kuwa ya mbwa yeyote Dar es Salaam nzima, lakini ikiwa na namba ya chipu inamhusu huyu mmoja, na siku jirani akisema mbwa wako kamng'ata mwanae una kitu cha kuonyesha kwamba huyu ndiye aliyechanjwa na tarehe ni hii.

Siku mbili tatu za mwanzo usimwogeshe, usimsugue pale, watoto wasimbonyeze kutafuta punje. Uvimbe mdogo au tone la damu ni kawaida. Ukiona usaha, joto, au anajikuna pale mfululizo mrudishe. Wanaouliza kuhusu saratani, visa vimewahi kuripotiwa kwa mbwa na paka ila ni vichache mno ukilinganisha na mamilioni ya wanyama waliowekewa, mi sikuona sababu ya kuacha.

Kusajili, hapa tulieni

Dokta akishaisoma chipu ya mbwa aliyeokotwa, anachofanya ni kuipeleka ile namba kwenye kanzidata, yaani daftari la mtandaoni, aone ya nani. Kanzidata ziko nyingi duniani, nyingine za viwanda, nyingine za nchi, na hazijaungana zote. Kwa hiyo usiseme tu nimesajili, jua umesajili wapi, jina la tovuti, na neno la siri liko wapi. Kama kliniki ndo inakusajilia waombe wakuonyeshe kwenye skrini jina lako likiwa limeingia, sio fomu ya karatasi iliyowekwa kwenye faili. Fomu za karatasi zinakaa wiki, zinakaa miezi, mtu wa kuziingiza yuko likizo.

Ukijaza, namba ya simu iandike kwa kuanza na +255 na uondoe ile sifuri ya mbele, Kenya +254 vilevile, kwa sababu tovuti nyingi ni za nje na mtu wa nje akiona 07 hatajua ni nchi gani. Weka simu mbili. Ya pili isiwe ya mtu mnayeishi naye nyumba moja, weka ya ndugu ambaye habadilishi laini hovyo, kila ukoo una mtu kama huyo, shangazi au mjomba ambaye namba yake ni ileile tangu simu za tochi. Baruapepe weka ile unayoifungua kila siku, sio ile uliyofunguliwa stationari wakati wa kuomba mkopo wa chuo. Kama kuna sehemu ya picha weka, na alama zake, sikio lililopasuka, kidole cheupe, kovu, kama amehasiwa, kama anakunywa dawa fulani kila siku.

Ukimaliza jipime mwenyewe. Chukua zile namba 15 nenda PetMaxx, ni tovuti inayotafuta kwenye kanzidata nyingi kwa pamoja duniani, kwa Ulaya kuna Europetnet nayo ni hivyohivyo, Marekani kuna ya AAHA, chama cha hospitali za wanyama, inayokuambia namba imesajiliwa kwenye kanzidata gani ili upige huko. Ukiingiza namba ya mbwa wako na haitokei popote basi jua hata dokta aliyemshika haitamtokea. Hapo rudi kliniki usajili upya mahali inapoonekana.

Sio mimi tu niliyeumizwa na laini ya zamani. Mwaka 2009 Linda Lord wa chuo kikuu cha Ohio State kule Marekani na wenzake walichapisha utafiti wa vituo 53 vya kupokea wanyama waliopotea. Mbwa wenye chipu waliorudi kwa wenyewe walikuwa asilimia 52.2, wakati ukichukua mbwa wote waliookotwa ni 21.9. Paka ndo utashangaa, wenye chipu 38.5, paka wote kwa jumla 1.8 tu. Halafu wakaangalia wale wenye chipu ambao wenyewe hawakupatikana kwa nini, na sababu iliyoongoza, zaidi ya theluthi yao, ni simu iliyokosewa au iliyokatwa. Na huko watu hawabadilishi laini kama sisi! Huku mtu ana laini tatu, moja ya bando, moja ya kupokelea hela, moja ya kazini, na usipoitumia muda mrefu kampuni inaigawa kwa mtu mwingine, kwa hiyo dokta anaweza kupiga akapokea mtu wa Singida anayesema "mimi sina mbwa, umekosea namba."

Mi sasa hivi nimejiwekea hivi, siku ya chanjo ya mwaka ndo siku ya chipu. Dokta anamskani Bosco, tunaona kama bado inasoma na kama iko palepale, maana chipu wakati mwingine inatembea chini ya ngozi ikaishia begani au kwenye mguu wa mbele, halafu palepale kliniki nafungua tovuti kwenye simu naangalia namba zangu. Ukibadili laini, ukihama nyumba, ukimpa mtu mbwa wako, usisubiri mwaka, badilisha siku hiyohiyo. Na ukimwuza au kumgawa mpe mwenye kumchukua kadi na uhamishe jina, nimewahi kusikia mtu anapigiwa simu kuhusu mbwa aliyemgawa miaka mitatu nyuma na hajui hata huyo mtu anaishi wapi.

Chipu isikufanye uvue mkanda wenye kibao cha jina na simu. Kibao anakisoma mtu yeyote, muuza genge, mlinzi, mtoto wa shule, na mara nyingi mbwa anarudi kabla hata ya kufika kliniki. Chipu ni ya siku ile mkanda umekatika au umevuliwa. Paka ndo tofauti kidogo, paka anapenya kwenye nondo na matawi, mkanda ukinasa anaweza kujinyonga, labda ule unaofunguka wenyewe ukivutwa, kwa hiyo kwa paka mi naona chipu ina uzito zaidi kuliko hata kwa mbwa. Watu wa pwani mnaelewa, paka wa Unguja au Mombasa ana nyumba nne za kula, kila nyumba ina jina lake, akihamishwa mtaa hakuna anayejua ni wa nani.

Kama una mpango wa kusafiri naye

Hapa watu wanapoteza hela nyingi sana kwa kukosea mpangilio tu. Chipu kwanza, chanjo ya kichaa cha mbwa baadaye au siku hiyohiyo baada ya chipu. Ukichanja leo ukaweka chipu wiki ijayo, kwa Umoja wa Ulaya na Uingereza ile chanjo haihesabiki, unarudia, hata kama mbwa amechanjwa kila mwaka tangu azaliwe.

Kwa Ulaya mnyama awe na angalau wiki 12 siku ya chanjo. Kutoka kwetu huku kuna na kipimo cha damu, inachukuliwa siku zisizopungua 30 baada ya chanjo, inapelekwa maabara inayotambulika, majibu yaonyeshe kinga ya kichaa cha mbwa imefika 0.5 IU/ml kwenda juu, halafu unasubiri miezi mitatu kuanzia siku damu ilipochukuliwa. Piga hesabu, ni kama miezi minne kabla ya tiketi. Marekani tangu tarehe 1 Agosti 2024 mbwa lazima awe ametimiza miezi sita na awe na chipu inayosomeka, na kwa kuwa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ziko kwenye orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa masharti yanaongezeka, soma tovuti ya CDC, shirika la serikali ya Marekani la kudhibiti magonjwa, mwenyewe kabla hujamlipa mtu wa kati, kanuni hizi zinabadilika. Na ile namba ya chipu ifanane kwenye kila karatasi, kadi ya chanjo, majibu ya damu, kibali. Mbwa anaweza kuzuiliwa uwanjani kwa tarakimu moja.

Ndugu zetu mlioko England, huko sio hiari tena, mbwa ni lazima tangu tarehe 6 Aprili 2016 na paka tangu tarehe 10 Juni 2024, paka awe nayo kabla hajatimiza wiki 20, na taarifa zisipokuwa sahihi faini inafika pauni 500.

Ukiokota mnyama wa mtu

Usimwite wako haraka. Mpe maji, mfunge kwa upole au mweke kwenye chumba, usimshike mdomoni, na kama anatokwa mate sana, anayumba, au anang'ata hewa kaa mbali kabisa piga simu kwa ofisi ya mifugo ya kata au wilaya. Akiwa mzima mpeleke kliniki yoyote yenye mashine uombe wamskani. Mwombe dokta asiishie mabegani, apitishe taratibu kwa kwenda na kurudi, shingo, ubavu wote, mpaka viwiko vya miguu ya mbele na kifuani, na mvue mkanda kwanza maana chuma kinaivuruga mashine, hata meza ya chuma inaivuruga. Mashine isiposema kitu rudieni mara ya pili mkiwa mmemgeuza.

Namba ikitoka iandike yote 15 na usiirushe nzima mtandaoni, wapeni madokta tu. Mtandaoni weka picha na mtaa uliomkuta, ficha alama moja, kwa mfano usionyeshe mguu wenye kidole cheupe. Watakuja watu wawili watatu wakisema ni wao. Mwulize kila mmoja alama ile, na mwulize tarakimu nne za mwisho za chipu au alete kadi yenye stika. Yule mama wa Goba alinifanyia hivyo kwenye simu, nikakimbilia kwenye droo mikono inatetemeka, nikamsomea, akasema haya baba njoo umchukue, ila njoo na chakula maana hapa anakula chapati zangu zote.